Daftari la Mwani

Mwani uliingia nyumbani kwa Medard siku ya Ijumaa, na jino la mkewe Flavia likatoka Jumapili. Katikati palikuwa na Jumamosi moja tulivu, ambayo Flavia aliikumbuka baadaye kama mtu anavyoikumbuka harusi ya jirani: ilipendeza, ila haikuwa yake.

Aliyeuleta mwani ni Isaro, binti yao wa pekee, wa miaka kumi na minne. Aliteremka kwenye basi la shule pale kituo cha Kenmore, mjini Buffalo, Amerika, theluji ikimfika vifundoni, ameikumbatia ndoo kama mtu aliyetumwa mchuzi wa sherehe. Shule ilikuwa inafungwa wiki mbili za Krismasi, madarasa yangeachwa baridi, na mwalimu wa sayansi ya bahari alikuwa amewagawia mwani wale watoto aliowaamini. Isaro alipewa pia tangi la kioo la kukaa mezani, taa, pampu ndogo ya kupulizia hewa, pakiti ya chumvi ya bahari, kipimo cha chumvi, na daftari lenye jalada gumu.

"Hapa Buffalo bahari iko wapi?" Medard aliuliza. Alikuwa ameamka karibuni, maana alifanya kazi usiku kwenye ghala moja kule Cheektowaga na kulala mchana.

"Haiko, Baba. Tunaitengeneza."

"Mnatengeneza bahari? Kwani ile ya Mungu imeisha?"

Wakacheka wote watatu. Lazima isemwe, maana kuna watu hufikiri nyumba yenye kipigo hamchekwi ndani yake. Huchekwa sana. Tatizo ni kwamba hujui kicheko kitaishia wapi.

Jumamosi Isaro alimfundisha mama yake. Mwani ulikuwa wa kijani, mwembamba, unapitisha mwanga. Flavia aliona kama mchicha uliochemshwa na mtu asiyejua kupika. Hauna mizizi, Isaro alisema, unakula kwa mwili mzima. Kila siku unapima chumvi, isiteremke chini ya thelathini. Kila Jumamosi unautoa, unaukausha taratibu kwa kitambaa, unaupima kwenye mizani ya jikoni. Siku ile ulikuwa na gramu arobaini.

"Halafu unaandika hapa." Isaro alifungua daftari. Palikuwa na safu ya tarehe, ya chumvi, ya joto, ya uzito, na ya mwisho ilikuwa pana kuliko zote. "Hii ni ya kilichotokea. Chochote kilichotokea kwenye maji, unaandika."

"Na ukikosea?"

"Hufuti. Hata kuchana karatasi hakuna. Unapitisha mstari mmoja juu ya kosa, lionekane, unaandika sahihi pembeni, unaweka jina lako."

"Kosa lionekane!" Flavia alishangaa. "Sisi kambini Nyarugusu mwalimu alikuwa anatuchapa hata kwa kufuta vibaya."

Daftari zuri kuliko yote ya shule lingempeleka mwenye nalo pwani kiangazi kijacho, wiki tatu, kwenda kujifunza juu ya bahari yenyewe. Isaro hakuwahi kuiona bahari. Alizaliwa kambini Kigoma, akafika Amerika kwa ndege akiwa amelala. Tangu Ijumaa alikuwa hazungumzii kitu kingine.

*

Jumapili Isaro alikwenda kanisani kwenye kwaya. Flavia alibaki kwa sababu alikuwa na zamu ya mchana kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Medard alikuwa amerudi asubuhi na uso umekunjamana. Kule ghalani alikuwa na msimamizi wa miaka ishirini na miwili, aliyemwita kwa kumpigia mluzi, na usiku ule alikuwa amempigia mara tatu mbele ya watu.

Pampu ilikuwa inasema blubu, blubu, blubu.

"Zima hicho kitu."

"Kinahitaji hewa, Baba Isaro. Mtoto amesema..."

"Mtoto amesema. Na mimi nimesema nini?"

Akaing'oa mwenyewe kwenye umeme. Flavia akangoja asikie amelala, akairudisha. Hapo ndipo alipokosea hesabu, maana Medard hakuwa amelala. Alitoka chumbani na kiatu cha kazi mkononi, kile chenye chuma puani, akampiga nacho mdomoni mara moja, kama mtu anayepigilia msumari aliokwisha kuuona umelegea. Flavia aliangukia meza. Tangi likayumba, robo ya maji ikamwagika, likasimama. Jino lilikuwa kwenye zulia. Medard aliliangalia, akaliangalia tena, akarudi kulala.

Flavia aliosha mdomo. Kisha akafanya alichofanya miaka kumi na mitano: akapanga kila kitu kionekane hakikutokea. Alikausha zulia. Jino alilitia kwenye kopo la majani ya chai. Tangi alilijaza maji ya bomba, na kwa kuwa alijua linataka chumvi, akatia vijiko viwili vya chumvi ya jikoni, akakoroga, akachovya kidole, akaonja, kama anavyoonja maharage. Mdomo ulikuwa umejaa damu. Kila kitu kilikuwa na chumvi.

"Imekolea," alijiambia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha maji je? Isaro alirudi kutoka kwaya, akavua koti, akatia kipimo. Akakitoa, akakipangusa, akakitia tena.

"Mama, jana ilikuwa thelathini na mbili. Leo ishirini na tano."

"Labda kimeharibika."

"Hakijaharibika." Ndipo akamtazama mama yake usoni. "Mdomo umefanya nini?"

"Nimeteleza. Nikaligonga tangi, nikalijaza maji."

Isaro alichukua kalamu. Akaandika kwa Kiingereza, akisoma kwa sauti kwa Kiswahili ili mama yake asikie: "Maji yamemwagika. Mama anasema ameteleza. Jino moja halipo."

"Kwa nini unaandika 'anasema'?"

"Kwa sababu sikuona, Mama. Mwalimu anasema usiandike ulichoambiwa kama umekiona."

Kazini Flavia alivaa barakoa. Bibi mmoja wa miaka tisini, aliyekuwa akimwogesha, aliiteremsha kwa kidole kimoja, akachungulia, akaanza kutoa meno yake ya bandia. Akamnyooshea. "Chukua ya kwangu," akasema. "Mimi nyama sili tena." Flavia alicheka mpaka pengo likamuuma, kisha akaenda kulia kwenye chumba cha mashuka.

*

Krismasi ilipita kwa wali na kuku. Jumamosi ya pili mwani ulikuwa na gramu thelathini na sita, na kingo zake zilikuwa zimegeuka nyeupe. Isaro alitengeneza maji mapya kwa chumvi ya pakiti, akahesabu saa za taa, akalala sebuleni karibu na tangi kama mtu anayeuguza mgonjwa. Medard alipita pembeni yake akienda kazini, akirudi kutoka kazini. Hakuomba msamaha kwa jino. Alinunua mkate wa maziwa aupendao Flavia, akauweka mezani. Mwanamume wa namna ile akinunua mkate, hesabu siku.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Msimamizi wa mluzi alikuwa amemrudisha Medard nyumbani usiku wa manane, kabla ya zamu kuisha, akidai alikuwa mzito kazini. Hakumwambia mtu. Alikaa kwenye kochi na makoti yake yote, akautazama mwani unavyozunguka kwenye mwanga.

"Taa inawaka mchana kutwa," akasema. "Hewa unapuliziwa. Maji unabadilishiwa. Mimi nani ananibadilishia maji?"

Flavia alikuwa anakunja nguo. Alijua asijibu. Miaka kumi na mitano alikuwa amejifunza kutojibu, na sijui ni nini kilichomponyoka siku ile, labda ni lile pengo. "Mwani haupigi mtu," akasema.

Medard alimshika kisogoni. Alimvuta kwa nywele mpaka mezani na kuuingiza uso wake wote ndani ya tangi. "Unayapenda haya maji? Yanywe! Yanywe basi!" Flavia alifungua macho ndani ya chumvi. Aliona mwanga wa kijani, akaona mikono yake mwenyewe upande wa pili wa kioo, ikipigapiga meza. Alimeza. Alitolewa, akavuta pumzi nusu, akarudishwa. Mara ya pili paji la uso liligonga ukingo wa kioo na maji yakawa mekundu. Mara ya tatu alisikia, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde: "Baba! Baba! Baba!"

Medard akamwachia. Isaro alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, na soksi moja.

"Mama yako ameteleza," Medard akasema, akahema, akachukua funguo, akatoka.

Flavia alikaa sakafuni akikohoa maji. Mwani ulikuwa umemganda shingoni, masikioni, ndani ya misuko. Isaro alipiga magoti nyuma yake. Hakulia. Alianza kuuchambua, kipande kimoja kimoja, akivipanga kwenye kitambaa. Kisha akavipeleka kwenye mizani.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Gramu sita," Isaro akasema. Akachukua kalamu. Safari hii hakusoma kwa sauti, na hakuandika "anasema".

*

Gracieuse, Mkongomani wa Bukavu aliyeishi ghorofa ya chini, alipanda ngazi bila kubisha hodi. Alimtazama Flavia kwenye paji la uso, akapiga makofi.

"Mama Isaro, mi niko pale chini, nasikiaka yote. Plafond yangu, hii dari, inalia kuliko ngoma ya kanisa! Bon, leo umegongwa na mlango ao umetelezea ku sabuni?"

"Nyamaza, Gracieuse."

"Minyamaze? Minakuambiaka kila siku: ita polisi. Donc unangoja nini? Akuue kwanza, nyuma uite?"

"Watamfunga. Watamrudisha Burundi. Mtoto atakosa baba."

"Mtoto iko naye, ule baba? Iko naye wapi?"

Flavia alikuwa na lile neno alilopewa na mama yake siku ya ndoa, na mama yake alipewa na mama yake, kama chungu cha ukoo: ndivyo nyumba zinavyojengwa. Warundi husema hivyo mwanamke akija na jicho limevimba. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nyumba gani hiyo isiyokwisha kujengwa. Badala ya kuita polisi, aliita wazee.

*

Walikuja Jumamosi alasiri. Mzee Salvatori ndiye aliyekuwa na gari la kubeba wafanyakazi wa ghalani, na ndiye aliyeamua mashauri ya Warundi wote wa upande ule. Kwao Burundi mwamuzi hushika fimbo yake ya heshima, akiigonga chini anapotaka kusema. Salvatori yake aliipoteza katika kukimbia, na Buffalo alipata mpini wa fimbo ya hoki kwenye takataka za jirani, akaukata, akaupaka mafuta. Aliugonga kwenye zulia kwa heshima ileile. Pamoja naye alikuwepo Revokatus, katekista, mtu wa kuitikia.

Medard alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe. Yeye mwenyewe aliweka katoni ya bia mezani kando ya tangi, kama desturi inavyotaka: mwenye kushtakiwa huleta kinywaji, na shauri likikatwa, mume na mke hunywa kwenye chupa moja. Wakishakunywa, limekwisha. Anayelifufua ndiye mkosaji.

"Binti yetu," Salvatori alisema baada ya kugonga, "tumesikia. Sasa, nani aliona?"

"Mimi niliyepigwa, Mzee."

"Wewe ni mwenye shauri. Mwenye shauri si shahidi."

"Ni kweli," akasema Revokatus.

"Wazee wangu," Medard akasema kwa upole uliopakwa mafuta, "sakafu ya jikoni ina maji siku zote kwa sababu ya hizi sayansi. Mama Isaro ameteleza. Mwenyewe alimwambia mtoto hivyo. Muulizeni kama si kweli."

Wote wakamgeukia Flavia. Naye alijisikia neno lile likipanda kooni lenyewe, limezoea njia. Akalimeza.

"Lipo daftari," Isaro akasema.

"Watoto hawasemi kwenye baraza," Salvatori akasema.

"Sisemi, Babu. Ninasoma." Akasimama kando ya tangi, akafungua. "Tarehe ishirini na moja. Gramu arobaini. Tarehe ishirini na mbili. Chumvi ishirini na tano. Maji yamemwagika, Mama anasema ameteleza, jino moja halipo. Tarehe ishirini na tisa, saa sita mchana, pampu imezimwa na Baba. Tarehe thelathini na moja, pampu imezimwa na Baba. Tarehe mbili Januari, saa nne na dakika ishirini asubuhi." "Baba ameingiza kichwa cha Mama kwenye tangi mara tatu. Damu kwenye maji. Gramu sita za mwani zimetoka kwenye nywele za Mama. Leo gramu ishirini na nane. Mwani ulipaswa kukua."

Pampu ikaendelea: blubu, blubu.

Revokatus alitazama viatu vyake. Hata Salvatori alikohoa. Lakini mzee aliyezoea njia moja hata ukimwekea ukuta atapanda. Akagonga fimbo. "Medard, umekosa. Umekosa sana. Utamwomba msamaha mkeo mbele yetu. Na wewe, binti yetu, utapokea, mnywe, nyumba ijengwe. Lile karatasi la mtoto tutalichana."

Medard aliomba msamaha kwa sentensi moja, akafungua chupa, akanywa, akamnyooshea mkewe. Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Flavia aliipokea. Aliutazama mdomo wa chupa, ulikuwa umelowa. Akaiweka mezani.

"Sinywi."

"Binti yetu, usipokunywa shauri halijaisha."

"Basi halijaisha, Mzee."

Miaka kumi na mitano Medard alipiga mahali wasipokuwepo watu. Lakini kukataliwa chupa mbele ya wazee! Aliruka, akamnyang'anya Salvatori mpini wa hoki, akalipiga tangi. Kioo kilipasuka kama barafu ya mtoni, maji yakamwagika yote, taa ikazimika kwa mlio. Akainua tena kumpiga Isaro, aliyekuwa amelificha daftari ndani ya sweta. Flavia aliingia katikati, pigo likampata begani, akasikia mfupa ukilia. Pigo la tatu lilikuwa la kichwa chake, na lingempata, ila Salvatori, kwa mazoea tu ya kudhani watu watamheshimu, alinyoosha mkono kudai fimbo yake.

Vidole viwili vya mzee vilivunjika palepale.

Hapo ndipo yalipoonekana maajabu. Yule mzee aliyewatuma wanawake kumi na mmoja warudi wakajenge nyumba, aliyesema polisi ni mambo ya Wazungu, alitoa simu mfukoni kwa mkono wa kushoto na kubonyeza tisa, moja, moja kwa kasi ambayo kijana angemwonea wivu. "Njooni!" akapiga kelele. "Kuna mtu anaua! Amenipiga! Mimi!"

"Ni kweli," akasema Revokatus, kutoka nyuma ya kochi.

Medard alisimama katikati ya maji na vioo. Aliutazama mpini mkononi mwake, akakaa chini, shati jeupe likanyonya maji. Hakukimbia. Polisi walimkuta hivyo.

*

Gracieuse alileta sufuria yake ya kupikia sombe, kisamvu cha kwao, imeoshwa safi, na Isaro na mama yake walipiga magoti kwenye zulia, mmoja na mkono mmoja tu, wakaokota mwani kati ya vioo, wakautia humo. Pakiti ilikuwa na chumvi ya mwisho. Askari mwanamke alikuwa amekwisha kuandika maelezo ya Salvatori, marefu, pamoja na vidole vyote viwili. Akamgeukia Flavia na kumwuliza, kupitia Isaro, kama ilikuwa mara ya kwanza.

Flavia alinyoosha mkono. "Nipe daftari."

"Mama, lazima niliache safi. Jumatatu ninalipeleka kwa mwalimu."

"Najua. Nionyeshe Jumapili ile. Nionyeshe nilipoteleza."

Isaro alimwekea kidole kwenye mstari. Flavia alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, taratibu, usije ukayafunika, kosa lionekane. Pembeni akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kubwa za darasa la tano la Nyarugusu: *Sikuteleza.* Kisha akaweka jina lake, si Mama Isaro, na akampa askari asome.